Kayaki Pangani, mto na bahari: mlangoni tutoke na maji ya kupwa au ya kujaa?

#1 Kasia_Mbili
Wakuu, salamu. Tupo wanne, kayaki nne za kukalia juu, kila moja mita 3.9 na kilo 32 kabla ya mizigo. Tunapanga siku mbili Pangani mwezi wa 11, wakati wa maleleji (kusi limekwisha, kaskazi hazijaanza). Siku ya kwanza ni mtoni: tunapanda na maji kutoka gati la mjini hadi kwenye mikoko, tunavua kwenye vijito. Siku ya pili tunatoka mlangoni, mto unapoingia baharini, tunashuka kusini upande wa Ushongo tukirambaza (kukokota chambo nyuma ya kayaki) nguru na kolekole.
Hoja yangu, ipigeni msasa: tuchague bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu). Alfajiri maji yanakupwa, mto unatusukuma nje bila jasho, mchana maji yakijaa yanaturudisha. Kuna ubaya gani?

#2 MtuWaBweni
Karibuni. Mpango wa mto hauna neno. Wa bahari ndio unaowaponza.
Siku za bamvua hapa maji yanajaa saa 10 alfajiri kwenda saa 10 na nusu, yanakauka saa 4 na kitu asubuhi, yanajaa tena saa 10 na zaidi alasiri. Ukitoka saa 12 unatolewa kwa kasi, kweli. Ila saa 4 fungu la mchanga la mdomoni liko juu kabisa na mawimbi yanavunjika upana mzima isipokuwa kwenye mkondo mkuu. Kuingia salama ni mpaka maji yafunike fungu, yaani saa 8 au 9 mchana. Saa hizo upepo wa baharini umeshakuwa mkali. Kwa hiyo mnakaa nje juani saa nne za ziada mkisubiri mlango, kisha mnaingia katika wakati mbaya wa upepo.

#3 HesabuKwanza
Naongeza tarakimu kwa #2. Pwani ya Tanga bamvua kubwa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Tuseme 3.6. Hayashuki sawasawa: saa ya kwanza sehemu 1 ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa sentimita ni 30, 60, 90, 90, 60, 30. Yakijaa saa 10 na robo alfajiri, mkondo mkali kuliko wote unaupata kati ya saa 12 na robo na saa 2 na robo asubuhi, ndio muda huo huo Kasia_Mbili anaotaka kuwa mlangoni.
Mtu wa kawaida hupiga kasia kilomita 5 kwa saa kwa mwendo wa kudumu. Mkondo ukifika hapo, ukigeuza omo (pua ya kayaki) kurudi unabaki palepale. Mtu akipinduka mdomoni saa 1 asubuhi siku ya bamvua, wenzake hawawezi kumrudisha mtoni. Wanaweza tu kumfuata nje.

#4 Mzee wa Amari
Maji mafu, wanangu. Tarehe 8, 9, 10 za mwezi mwandamo, au 22, 23, 24. Siku hizo maji yanajaa saa 4 hadi saa 5 asubuhi na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kama mita moja. Ukitoka saa 12 na nusu maji yanaingia polepole, unayapanda bila taabu. Ukirudi saa 4 na nusu mlango umejaa, umesimama, na upepo bado haujaamka vizuri. Bamvua ni ya watu wa pweza na wa wando (uzio wa kunasa samaki).

#5 Umande
Mzee, heshima yako, ila samaki nao wanahesabiwa. Maji mafu nguru hawachangamki mlangoni. Maji yanayotoka na bamvua ndiyo yanayobeba dagaa, kamba wachanga na mikizi kutoka kwenye mikoko, na kolekole hukaa ukingoni mwa maji ya matope na maji safi akingoja. Mstari ule unauona kwa macho: huku kahawia, kule kijani, na takataka zimejipanga katikati. Ukirambaza sambamba na mstari, upande wa maji safi, hutoki mikono mitupu. Maji mafu mstari huo haupo au uko mtoni ndani.
Na alfajiri kuna pepo za nchi kavu, bahari imelala. Upepo ukiwa haupo, kupwa hakuna hatari yoyote.

#6 Kasia_Mbili
Shukrani wote. Umande, hapo mwisho naomba ufafanuzi. Jamaa wa boti ananiambia mlango huinuka maji yakikupwa hata siku isiyo na upepo kabisa, asubuhi kweupe. Kama upepo ndio chanzo, ile inatokana na nini?

#7 BintiMkoma
Inatokana na kina. Wimbi huanza kuvunjika pale kina kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita 1 linavunjika kwenye maji ya mita 1.3. Maji yakijaa juu ya fungu kuna mita 3 au 4, wimbi hilo linapita bila kujulikana. Yakishuka hadi mita 1.3, wimbi lile lile, halijaongezeka hata kidogo, linaanguka. Upepo hauhusiki.

#8 HesabuKwanza
Kina kinahusika, lakini nadhani kikuu ni mkondo kupingana na wimbi. Wimbi linaloingia likikutana na maji yanayotoka linabanwa: urefu kati ya wimbi na wimbi unapungua, kimo kinaongezeka, uso wake unakuwa wima. Ndiyo maana mlango huwa mbaya saa ya tatu na ya nne ya kupwa, wakati fungu bado lina maji ya kutosha. Ingekuwa kina peke yake, ubaya wote ungekuwa saa 4 maji yakishakauka. Nenda uangalie: maji yakikauka na kusimama, mlango hutulia kidogo ingawa kina ni kidogo kuliko wakati wote.

#9 Mto wa Chumvi
Mmesahau mabwawa. Juu kuna Hale (1964, megawati 21) na Pangani Falls mpya (1995, megawati 68). Mitambo ikihitaji umeme wa jioni maji yanaachiwa mengi, usiku yanasafiri, asubuhi yanafika mlangoni yakiungana na kupwa. Ndiyo maana siku mbili zenye mwezi uleule zinatofautiana.

#10 HesabuKwanza
#9, hesabu inakataa. Megawati 68 kwa maporomoko ya mita 170 hivi inahitaji maji kama mita za ujazo 45 kwa sekunde, mitambo yote ikiwaka. Chukua mdomo wa upana wa mita 200, kina mita 4, mkondo mita 1 tu kwa sekunde: mita za ujazo 800. Maji ya mitambo ni tone ndani ya bamvua.

#11 Mto wa Chumvi
Bamvua sawa. Maji mafu je? Hapo mkondo wa bahari unakuwa dhaifu na mto unabaki na sauti. Na maji baridi ya mto ni mepesi, hupita juu ya yale ya chumvi. Kayaki inaelea kwenye tabaka la juu, sentimita 20 za kwanza, na tabaka hilo linaweza kuendelea kutoka hata chini kukiwa kumeshaanza kuingia. Jedwali linakwambia maji yanajaa, kasia linakwambia vingine. Athari za maji kupungua mtoni zinajulikana hapa: chumvi imepanda juu kuliko zamani, minazi na mashamba ya kando yameiona. Kwa hiyo usinifute kabisa.

#12 MtuWaBweni
Nami naweka langu: mchanga. Kila masika fungu linasogea. Mkondo mkuu uliokuwa upande wa Bweni (ng'ambo ya kusini) mwaka huu unaweza kuhamia katikati mwakani, na sasa kuna nguzo za daraja jipya, mita 525 za daraja, nazo zinagawa maji. Tofauti ya siku kwa siku ni kwamba umepita sehemu tofauti ya fungu. Kabla ya kutoka, pandeni mlima wa Bweni maji yakiwa yamekauka mtazame nusu saa. Palipo na maji meusi yasiyovunjika ndipo mkondo ulipo. Chukueni alama mbili za nchi kavu zinazopangana, mnazi na paa kwa mfano, mzishike kutoka na kurudi.

#13 Umande
Na wimbi refu la mbali? Kusi hata likishakufa hapa, huko kusini mwa bahari dhoruba zinaendelea, mawimbi yake yanafika siku kadhaa baadaye. Hapa hakuna upepo, wimbi lipo. Mnalijua kwa muda: hesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi. Sekunde 4 hadi 6 ni la upepo wa karibu. Sekunde 10 na zaidi limetoka mbali, na linavunjika kwenye fungu kwa nguvu kuliko linavyoonekana likiwa nje.

#14 KilifiKwetu
Habari zenu kutoka Kilifi. Mbona mwajisumbua na fungu? Hori letu huku mlango wake ni wa kina, hakuna mto mkubwa wa kuleta mchanga, kayaki yatoka saa yoyote. Ukitaka kuona mchanga nenda Sabaki pale Malindi, maji mekundu hadi mbali baharini.

#15 MtuWaBweni
KilifiKwetu karibu, lakini uzi ni wa Pangani, usituhamishie watu. Nguru wetu hawana pasipoti.

#16 Chubwi
Nirudi kwenye mpango. Mimi napendekeza siku ambayo hamjaitaja: tarehe 11 au 12 za mwandamo, kabla ya bamvua ya mbalamwezi. Maji yanakauka karibu saa 1 asubuhi, yanajaa karibu saa 7 mchana. Unatoka saa 12 na nusu maji yakielekea kusimama, unarudi saa 4 au 5 mkondo uko mgongoni. Wimbi linaloingia pamoja na mkondo linarefuka na kulala. Asilimia kubwa ya watu hupinduka wakati wa kuingia, mara chache wakati wa kutoka, kwa hiyo wekeni hali nzuri kwenye kuingia.

#17 Mzee wa Amari
Chubwi, unawatoa watu fungu likiwa limekauka. Na tarehe 12 maji yanakauka sana kuliko tarehe 9. Mimi sihami kwenye maji mafu.

#18 Chubwi
Mzee, kwenye mkondo mkuu kina kinatosha hata yakikauka, ndiyo kazi ya alama za #12. Tubaki hivyo, kila mmoja na tarehe yake. Vifaa sasa, maana hapo ndipo watu huharibu pesa.

Kurambaza kwa kayaki: kasi yako ya kilomita 4 hadi 6 kwa saa inatosha kwa nguru. Fimbo mbili, mita 2.1, rili ya ukubwa wa 4000 hadi 5000, uzi wa kusuka wa kilo 14 mita 250, mbele mshipi wa kilo 20 mita moja na nusu, kisha waya sentimita 25. Waya mrefu zaidi ya hapo kolekole anauona. Chambo bandia cha sentimita 12, kimoja kinachozama mita 1, cha pili mita 3. Tandaza kimoja mita 25 nyuma, kingine mita 40, ili zisisukane ukigeuka. Geuka kwa duara pana, kamwe usigeuke papo hapo.
Toa ndoana za meno matatu, weka moja moja namba 3/0. Nguru wa kilo 8 mapajani akirusharusha, ndoana tatu zitaingia kwake na kwako pia. Breki ya rili iwe robo ya nguvu ya uzi, yaani kilo 3 na nusu, siyo zaidi: nguru mbio zake za kwanza ni ndefu na mdomo wake unachanika.

#19 BintiMkoma
Na mahali pa kuvulia pana sheria zake, Kasia_Mbili hakuuliza. Kaskazini ya mlango wa Pangani kuelekea Kigombe na Tanga mjini ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga (silikanti ni samaki wa kale wa kina kirefu), ilitangazwa 2009. Huko huingii kuvua bila utaratibu wa hifadhi. Kisiwa cha Maziwe ni hifadhi ya tangu 1975, hairuhusiwi kuvua kabisa. Kulipa kiingilio na kuogelea ruksa, kurambaza kando ya mwamba wake hapana. Kwa hiyo kushuka kusini, Ushongo na kuendelea Kipumbwi, ni sahihi. Leseni ya uvuvi (Sheria ya Uvuvi ya 2003) chukueni mapema ofisi ya uvuvi wilayani, na mjitambulishe kwa BMU (kikundi cha wenyeji cha kusimamia uvuvi ufukweni) ya mnapoanzia. BMU ndio watakaowatafuta msiporudi.

#20 Ngarawa Mpya
Maziwe si ilikuwa na miti? Leo naona fungu tupu kwenye picha.

#21 BintiMkoma
Ilikuwa na mivinje. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imekwisha na kisiwa kimebaki fungu linalofunikwa maji yakijaa. Wengine wanasema miti ilikatwa ndipo mchanga ukaondoka, wengine kwamba bahari ilikula kwanza. Ndiyo sababu mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo.

#22 Ngarawa Mpya
Na huyo silikanti anaweza kukamatwa na kayaki?

#23 Mto wa Chumvi
Hapana, anaishi kina cha zaidi ya mita 100, kwenye mapango ya miamba. Wale wa Tanga tangu 2003 walinaswa na jarife (nyavu za papa). Nyie mtarambaza mita 3, msihangaike.

#24 MtuWaBweni
Turudi mtoni, maana naona wote mmekimbilia baharini na hatari ya kwanza iko mtoni. Mamba wapo Pangani, wa kweli. Kayaki ya kukalia juu inamweka mtu sentimita 15 juu ya maji. Taratibu ni hizi: msiingie kabla jua halijatoka, muwe mmetoka saa 11 jioni. Miguu ndani ya kayaki, msiining'inize. Samaki msimfunge kamba ubavuni, damu na mpapatiko vinaita. Matumbo ya samaki msitupe mnapovulia. Kushuka ni penye gati au bandari ya wenyeji tu, siyo ukingo wowote wenye kivuli kizuri. Na kaeni katikati, mita 20 au zaidi kutoka ukingoni, kwa sababu mamba huvizia kando.

#25 Umande
Hapo katikati ndipo penye kiboko. Ukipanda juu kupita mikoko, maji yasipokuwa na chumvi, kiboko mchana hulala kwenye kina. Kanuni ya kiboko ni kinyume na yako: shika maji mafupi ya kando ili umwachie kina akimbilie. Ukimkalia kwenye kina anapanda juu na kayaki yako.

#26 MtuWaBweni
Ndiyo maana nasema wasipande huko. Waishie kwenye mikoko na michu, penye chumvi. Huko kiboko ni nadra na kanuni ya mamba inatosha.

#27 Umande
Nadra haimaanishi hayupo. Mimi ningepiga kasia ubavuni mwa kayaki kila kona kabla ya kuingia, ajitokeze tukiwa mbali. Na ningeshika ukingo wa ndani wa kona.

#28 Mzee wa Amari
Kugonga kunamwamsha kiboko na kunamwita mamba. Kodini boti ya mwenyeji iende mbele mita 100. Boti inaondoa hoja zote mbili, na mwenye boti anajua nani kalala wapi wiki hiyo.

#29 Kasia_Mbili
Mzee nimechukua hiyo, boti itakuwepo. Je, kwenye vijito vya mikoko tunavuaje? Tutatia nanga au tutaelea?

#30 Chubwi
Kijito kinatema samaki maji yakikupwa, saa ya tatu hadi ya tano. Changu wakubwa na chewa wadogo hukaa mdomoni mwa kijito, upande wenye mizizi ya mikoko, siyo katikati. Chambo ni kamba wabichi au kipande cha mkizi, ndoana 4/0 ya duara, chubwi ya gramu 30 iliyotobolewa ipite kwenye mshipi, mshipi wa mbele milimita 0.60. Akila mzuie hapo hapo, nusu mita tu ukimpa keshaingia kwenye mizizi. Kwa hiyo mtoni breki ya rili funga zaidi ya baharini.
Hongwe (kambare wa baharini) mtawapata wengi kuliko mnavyotaka. Miiba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, msimshike kwa mkono. Ikichoma: maji ya moto kiasi cha kuvumilika, nyuzi 45 hivi, dakika 30 hadi 90. Mwiba wa samaki taa vilevile. Chupa ya chai iwemo kwenye boti, imejaa maji ya moto.

#31 Mzee wa Amari
Nanga. Hili mlisikilize. Kilo moja na nusu inatosha, mnyororo mita moja, amari (kamba ya nanga) mara tano ya kina: kina mita 4, amari mita 20. Amari ifungwe omo au tezi (nyuma), kamwe ubavuni. Mkondo ukiivuta kayaki kwa ubavu, ubavu wa juu ya mkondo unazama, maji yanapanda sitaha, imekwisha kupinduka kabla hujajua. Ncha ya amari iwe na boya na ndoano ya kufyatua. Nanga ikinasa kwenye mizizi, usivute: fyatua, boya libaki, urudi kuchukua maji yakisimama. Kisu kiwe kifuani kwenye jaketi okozi, siyo ndani ya mfuko.

#32 HesabuKwanza
Na saa ya tatu ya kupwa siku ya bamvua msitie nanga kabisa kwenye mto mkuu, hata kwa omo. Vijitoni tu. Mwangalie pia msifungiwe humo: kijito chenye mita 1.2 saa 1 asubuhi kinaweza kuwa tope saa 3. Tope la mikoko linakuzamisha hadi kiunoni, hutembei nalo. Tokeni kina kikifika urefu wa nusu kasia.

#33 Ngarawa Mpya
Kayaki yangu inaingiza maji karibu na tundu la kutolea maji la kati, ufa wa sentimita 3. Gundi gani inafaa? Naomba kujiunga na msafara.

#34 Chubwi
Gundi za kawaida za dukani hazishiki plastiki ile, wala fiberglasi haishiki, itabanduka siku ya pili. Inachomelewa. Toboa tundu la milimita 4 kila ncha ya ufa usiendelee, kwangua milimita 2 kuzunguka ufa hadi plastiki mpya, chukua ukanda wa plastiki ile ile (mabaki ya kayaki, poliethilini), pasha vyote viwili kwa bomba la hewa moto hadi ving'ae bila kutoa moshi, kandamiza. Kikianza kutoa moshi umeshaunguza, hakishiki. Jaribu kwa kuijaza maji ndani usiku mzima, uone upande wa nje. Kama mpaka siku ya safari bado inavuja, baki kwenye boti ya #28.

#35 BintiMkoma
Na kila mtu afanye zoezi la kupanda tena kabla ya kufika mlangoni, kwenye maji ya kifua: geuza kayaki, jilaze tumbo juu ya sitaha huku ukipiga miguu, zungusha kiuno ukae, ndipo uweke miguu. Mwenye kushindwa kwenye maji matulivu akiwa amevaa jaketi na mizigo imefungwa, asitoke mlangoni. Kasia lifungwe kwa kamba kwenye kayaki, lakini mkiwa kwenye mawimbi ya fungu lifungueni, kamba hunasa shingo. Fimbo zote zilale chini zimefungwa, chambo zimetolewa. Mtoke mmoja mmoja, mita 50 kati yenu, kayaki ya nyuma isiangukie ya mbele.

#36 Umande
Hapo kwenye kufungua kasia sikubaliani. Kasia likienda umebaki na mikono. Bora kamba fupi ya kunyumbulika.

#37 Kasia_Mbili
Tumepata mengi, ahsanteni. Kuhusu Ushongo: mkondo wa nje unaelekea wapi?

#38 HesabuKwanza
Mkondo mkubwa wa pwani hii unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi unazidi, wakati wa kaskazi unapungua ila haugeuki. Kwa hiyo kushuka kusini asubuhi mkiwa na nguvu, kurudi kaskazini mkiwa mmechoka, ni mpangilio sahihi. Msiende nje zaidi ya kilomita 2, shikeni ndani ya mistari ya miamba. Maziwe iko kilomita 8 hivi kutoka ufukweni. Kwa kasia ni saa moja na dakika arobaini kwenda tu, na upepo wa mchana utawakuta njiani. Maji ya kunywa lita 4 kwa mtu, simu kwenye mifuko miwili ya kuzuia maji, redio ya mkononi chaneli 16, filimbi kila jaketi, bendera ya machungwa yenye mlingoti wa mita 1.2 ili boti za mashine ziwaone. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa muutazame jioni na alfajiri. Vuli ikinyesha sana huko juu, mto unaleta magogo: kayaki haziyaoni yakiwa yamezama nusu.

#39 Mama Mapezi
Na samaki mkishampata? Naona hamjaitaja barafu hata mmoja wenu. Nguru kata koo na mkia papo hapo atoke damu dakika tano, kisha barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Nguru, jodari na vibua wakikaa juani saa chache hutoa histamini: uso mwekundu, ulimi kuwasha, kichwa kugonga. Hiyo haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kukausha. Bunju (yule wa sumu anayejivimbisha) msimchukue kabisa.

#40 Chubwi
Barafu kilo 10 kwa kayaki kutoka mjini, ndani ya mfuko mnene nyuma ya kiti. Isiwekwe mbele, omo likiwa zito linachimba kwenye wimbi.

#41 Mama Mapezi
Na ukisharudi ufukweni maji yaliyoyeyuka umwage, ongeza barafu mpya. Samaki akilala kwenye maji ya damu vuguvugu barafu imepoteza kazi.

#42 Mto wa Chumvi
Neno moja kwa HesabuKwanza na wapenda majedwali. Saa zenu zote humu ni za jedwali la Tanga. Mlangoni tofauti ni ndogo, mtoni inazidi kila ukipanda. Kwenye mikoko ya juu maji yanaweza kuanza kugeuka saa nzima baadaye. Siku ya kwanza chomekeni mti wenye alama kila sentimita 10 hapo gatini, msome kila nusu saa, mlinganishe na jedwali. Siku ya pili mtakuwa na saa zenu wenyewe.

#43 MtuWaBweni
Mti huo usiwekwe karibu na pantoni, mawimbi yake yanaongopa. Wekeni juu kidogo, penye ngazi za zamani. Na Kasia_Mbili, mkishachagua tarehe kati ya ya Mzee na ya Chubwi, iandike hapa, nitapanda mlima siku mbili kabla niwape alama za mkondo.